Kitakasa mikono cha alkoholi: namna ya kukichanganya, kukipima na kukitunza

Katika kuua vijidudu, spiriti ya asilimia 96 ni dhaifu kuliko ya asilimia 80. Wengi wanaonunua alkoholi kali wakidhani kali zaidi ndiyo bora zaidi hushangaa wakisikia hivyo, lakini karibu kila kipimo kilichomo kwenye mwongozo huu kinasimama juu ya jambo hilo. Maji yaliyomo kwenye kitakasa mikono ni sehemu ya dawa.

Molekuli ya ethanoli, yaani alkoholi iliyomo kwenye spiriti hiyo, ina pande mbili. Upande wenye kaboni unapatana na mafuta, na upande wenye oksijeni unapatana na maji. Kwa upande wa kwanza inapenya utando wa mafuta unaomzunguka bakteria na kuulegeza mpaka unavuja. Kwa upande wa pili inavuruga vifungo vinavyoishikilia protini katika umbo lake, protini inafumuka kisha inagandana, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kikaangoni. Kufumuka huko hakuendi bila maji. Alkoholi tupu hunyonya maji ya kijidudu na kugandisha protini za nje haraka mno, zikawa kama ganda linalokinga kilichomo ndani. Tena hukauka mkononi kabla kazi haijaisha. Ukishuka chini ya asilimia 60 nako, alkoholi inakuwa haba kuweza kuvunja kitu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa usafi wa mikono wa mwaka 2009, lilichagua asilimia 80 kwa ethanoli na asilimia 75 kwa isopropanoli, alkoholi nyingine inayoua vijidudu. Tunafuata vipimo hivyo hapa, kwa sababu vilipangwa kwa ajili ya vituo vya afya visivyo na kiwanda.

Kuna asiyekufa kwa alkoholi, na ni vizuri kumjua kabla ya kuanza. Virusi vyenye koti la mafuta (korona, mafua, Ebola, VVU) vinakufa upesi. Virusi visivyo na koti hilo, kama norovirusi inayoleta kutapika na kuhara, au kirusi cha homa ya ini aina ya A, ni sugu zaidi. Mbegu za bakteria, zile zenye ganda gumu kama za kimeta au *Clostridium difficile* (bakteria wa kuharisha), haziguswi kabisa. Mayai ya minyoo nayo hivyohivyo. Mkono wenye tope, damu, mafuta ya kupikia au kinyesi unahitaji maji na sabuni, kwa kuwa alkoholi hugandisha uchafu juu ya ngozi na vijidudu vikabaki chini yake. Wakati wa kipindupindu, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni mlangoni mwa choo ndiyo kinga ya kwanza. Kitakasa ni cha mikono inayoonekana safi na mahali pasipo na bomba karibu.

Alkoholi gani, na kutoka wapi

Hapa ndipo watu wanapopoteza maisha, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Zinazofaa kwa kuchanganya ni mbili tu: ethanoli, hasa ya asilimia 96, na isopropanoli ya asilimia 99.8. Ethanoli ya kwetu Afrika Mashariki kwa kawaida hutokana na molasi ya viwanda vya sukari, kama ile ya Muhoroni nchini Kenya. Ikiwa imetengenezwa vizuri ni safi. Hatari inaingia baadaye, kwenye pipa lisilo na lebo, au pale muuzaji anapoongeza methanoli ili apate faida zaidi.

Methanoli ni ndugu wa ethanoli mwenye kaboni moja badala ya mbili. Ini huigeuza kwanza kuwa formaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho na kuichachusha damu. Mwezi Novemba 2000 jijini Nairobi pombe haramu iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwaacha wengine vipofu. Miaka 20 baadaye ilitokea kwa kitakasa mikono. Kati ya Mei na Juni 2020, katika majimbo ya Arizona na New Mexico nchini Marekani, watu 15 waliokunywa vitakasa vyenye methanoli walifikishwa hospitali, wanne wakafariki na watatu wakaondoka na uoni uliodhurika.

Methanoli haitambuliki nyumbani. Inanukia karibu sawa na ethanoli. Inawaka, tena kwa mwali wa samawati usioonekana vizuri mchana, kwa hiyo jaribio la kuwasha kiberiti halithibitishi chochote zaidi ya kwamba kitu hicho kinawaka. Hata kipima alkoholi kinachoelea hakitakuokoa: mililita moja ya ethanoli kwenye nyuzi 20 ina uzito wa gramu 0.789, ya methanoli gramu 0.791. Kipima hakiwezi kuzitofautisha mbili hizo. Majaribio yanayosambazwa kwenye simu, ya kutia kitakasa juu ya mstari wa kalamu kwenye karatasi ya chooni, yanapima iwapo wino umetapakaa, basi. Kinachotofautisha kweli ni mashine ya maabara. Kwa hiyo nunua kwa msambazaji anayetambuliwa, dai cheti cha uchambuzi chenye namba ya toleo (yaani ya mkupuo uliotengenezwa pamoja), na linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye pipa. Namba zikitofautiana, pipa lirudi. Tanzania, wauzaji wa kemikali husajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anza na kuuliza cheti cha usajili.

Visivyofaa: spiriti ya jiko au ya kusafishia rangi, ile ambayo mara nyingi hutiwa rangi ya zambarau, kwa sababu huongezwa methanoli makusudi ili isinywewe. Gongo na chang'aa, kwa sababu hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo. Konyagi na vodka, kwa sababu zina asilimia 35 hadi 40 hivi. Spiriti ya kusafishia vidonda yenye asilimia 70 inafaa ikitumika kama ilivyo, ila ukiichanganya na kitu kingine tu imeharibika: sehemu mbili za spiriti hiyo na sehemu moja ya jeli ya mshubiri zinakupa asilimia 47, na hicho si kitakasa tena. Mapishi ya namna hiyo yalienea sana mwaka 2020, na ndiyo sababu tunaandika hesabu yake waziwazi.

Viungo vingine vitatu

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 haipo kwa ajili ya mikono. Kazi yake ni kuua mbegu za bakteria zilizoingia kutoka kwenye chupa, maji au hewa, zile ambazo alkoholi inaziacha hai. Duka la dawa likiwa na ya asilimia 6 pekee, tumia nusu ya ujazo. Usinunue ile kali ya viwandani. Inaunguza ngozi na macho.

Glisirini ya asilimia 98 huzuia mikono kukauka na kupasuka. Kuna anayeongeza mara mbili akidhani anawatendea wema watumiaji. Matokeo yake mikono inanata, vumbi linashika, na nguvu ya alkoholi nayo hupungua. Ibaki palepale.

Maji yawe yaliyosafishwa kwa kuvukizwa, au yaliyochemshwa yakatokota kisha yakapoa kabisa yakiwa yamefunikwa. Yakiwa bado na moto, alkoholi itapaa na chumba kitajaa mvuke.

Manukato na rangi, usiweke. Vinaongeza mzio, na kwa mtoto rangi nzuri ni mwaliko wa kunywa.

Vipimo vya lita 10

Kwa ethanoli:
- ethanoli ya asilimia 96: mililita 8,333
- haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: mililita 417
- glisirini ya asilimia 98: mililita 145
- maji: mpaka alama ya lita 10

Kwa isopropanoli, badilisha mstari wa kwanza tu: isopropanoli ya asilimia 99.8, mililita 7,515. Mengine yote yabaki yalivyo. Kwa lita moja, gawa kila kipimo kwa 10.

Ethanoli yako ikiwa na nguvu tofauti, hesabu ni hii: zidisha 80 kwa ujazo unaotaka, gawanya kwa asilimia ya alkoholi uliyo nayo. Ya asilimia 95 inahitaji mililita 8,421 kwa lita 10, ya asilimia 90 mililita 8,889. Chini ya 90 usijaribu, nafasi ya viungo vingine itazidi kubana na utakuwa ukinunua maji kwa bei ya alkoholi.

Asilimia hizi ni za ujazo. Ukipima kwa mizani namba zinabadilika: kitakasa chenye asilimia 80 kwa ujazo kina takriban asilimia 73.5 kwa uzito. Ukiona lebo yenye namba bila kusema ni ujazo au uzito, uliza.

Maji huitwa "mpaka alama" bila kutajwa mililita zake kwa sababu alkoholi na maji vikichanganyika hupungua. Mililita 50 za kila kimoja hazitoi 100, hutoa 96 na kitu. Molekuli za maji na ethanoli hubanana karibu zaidi kuliko zilivyokuwa peke yake. Anayejumlisha kwenye karatasi na kutia maji yote kwa mkupuo mmoja hukuta ujazo haufiki, akaongeza bila kujua kwa nini.

Chumba na vifaa

Chagua chumba chenye madirisha mawili yanayopitisha upepo, mbali na jiko la mkaa, pasi, jenereta na mtu anayevuta sigara. Mvuke wa ethanoli ni mzito kuliko hewa, kama mara 1.6, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kupita chini ya mlango hadi jikoni. Ethanoli ya asilimia 80 hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi 17.5, isopropanoli ya asilimia 75 kuanzia nyuzi 19. Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, hizo ni nyuzi za usiku wa baridi. Yaani kwetu kitakasa kiko tayari kuwaka saa zote, na kichukuliwe kama petroli inavyochukuliwa. WHO linashauri vituo visivyo na mfumo maalumu wa hewa visizidishe lita 50 kwa mkupuo.

Utahitaji dumu la plastiki ngumu la lita 10 lenye kizibo cha kukaza, jeupe la kupenyeza mwanga ili uone usawa wa kilichomo. Silinda za kupimia za mililita 50, 500 na 1,000. Jagi, faneli, mwiko wa plastiki au mbao, kipima alkoholi na kipimajoto. Mashine ya umeme ya kukorogea isiingie humo, cheche ya mota inatosha. Vaa miwani ya kinga na glavu.

Alama ya lita 10 usiiamini iliyopigwa na kiwanda cha dumu. Mimina maji lita 10 kwa silinda, weka mstari kwa kalamu isiyofutika, kisha yamwage na ukaushe dumu. Madumu ya sokoni ya lita 10 mengi huchukua zaidi ya hapo, na nusu lita ya maji ya ziada itakushushia karibu asilimia 4 za nguvu.

Kuchanganya

1. Pima ethanoli kwa kipima alkoholi kabla hujaigusa kwa kazi nyingine yoyote. Andika ulichosoma na nyuzijoto.

2. Mimina mililita 8,333 ndani ya dumu, taratibu, faneli ikiwa imegusa ukuta wa dumu. Kumimina kwa kishindo hurusha matone na hujenga umeme tuli kwenye plastiki.

3. Ongeza mililita 417 za peroksaidi kwa silinda.

4. Ongeza mililita 145 za glisirini. Inanata sana na robo yake inaweza kubaki kwenye kuta za silinda. Suuza silinda kwa maji yaleyale yaliyopoa, mara mbili au tatu, na maji hayo yote yaingie dumuni.

5. Jaza maji mpaka kwenye mstari wako. Jicho liwe sawa na mstari, usiangalie ukiwa umesimama juu yake.

6. Funga kizibo mara moja.

7. Pindua dumu kwa upole mara kadhaa, au koroga kwa mwiko ikiwa unatumia chombo kikubwa, mpaka usione tena mawimbi yanayozungukana ndani. Glisirini hupenda kukaa chini. Dumu lisilokorogwa vizuri hutoa chupa za mwanzo na za mwisho zisizofanana.

8. Pima tena.

Kusoma kipima bila kudanganywa na joto

Kipima alkoholi ni kile kijiti cha kioo chenye uzito chini; kimiminika kikiwa chepesi kijiti kinazama zaidi, na mstari ulio sawa na uso wa kimiminika unaonyesha asilimia. Vingi vimesawazishwa kwa nyuzi 20, na imeandikwa ubavuni mwake. Kwenye chumba cha nyuzi 30 kimiminika kimetanuka na kuwa chepesi, kipima kinazama kupita kiasi, kinakudanganya kwamba alkoholi ni nyingi. Katika eneo la asilimia 80 kosa hilo ni kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Kwa nyuzi 10 za tofauti, toa 3. Kwa alkoholi kali ya karibu asilimia 96, toa kama 2.

Glisirini nayo, kwa kuwa nzito, huvuta usomaji chini kwa takriban asilimia 1. Kwa hiyo mchana wa Tanga, nyuzi 30, mchanganyiko sahihi wa asilimia 80 utaonyesha karibu 82. Ukiona 80 kamili usishangilie, ukweli ni kama 78. Bado unakubalika, mipaka ikiwa 75 hadi 85 kwa ethanoli na 70 hadi 80 kwa isopropanoli. Ukiona 75 kwenye joto hilo, ukweli ni 73 na toleo hilo halijafaulu.

Likishindwa kwa namna hiyo, kulirekebisha kunauma mfukoni. Lita 10 zenye asilimia 73 zinahitaji takriban lita 4.4 za ethanoli ya asilimia 96 ili zirudi 80, na peroksaidi na glisirini ziongezwe kwa uwiano uleule, kama mililita 183 na 64. Utalazimika kuhamia chombo kikubwa zaidi. Nguvu itashuka kidogo kwa nyongeza hizo mbili lakini itabaki ndani ya mipaka. Ndiyo maana ethanoli ya pipa hupimwa mwanzo: ikisoma 96 kwenye nyuzi 30, kwa kweli ni 94, na ulihitaji mililita 8,511 tangu hapo.

Chupa na saa 72

Gawanya mara moja kwenye chupa za mililita 100 au 500, ziwe safi na kavu, uzifunge, kisha uziweke kando kwa saa 72 kabla ya mtu yeyote kutumia. Huo ndio muda peroksaidi inaohitaji kumaliza mbegu za bakteria. Kishawishi cha kuruka hatua hii ni kikubwa kunapokuwa na mlipuko wa ugonjwa na watu wamesimama mlangoni. Panga toleo linalofuata mapema ili usijikute hapo.

Chupa za kurudia hazijazwi juu ya mabaki. Zioshe kwa sabuni, zisuuze, ziloweke kwenye maji ya klorini yenye sehemu 1,000 kwa milioni kwa angalau dakika 15, kisha zisuuze tena kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, zikauke zikiwa zimeinamishwa. Maji hayo ya klorini hupatikana kwa sehemu moja ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na sehemu 34 za maji. Suuza kwa makini: klorini na alkoholi zikikutana hutengeneza kemikali zenye sumu, klorofomu ikiwamo. Kwa sababu hiyohiyo hakuna siku utakayotia Jik ndani ya kitakasa ili "kukiongezea nguvu". Chupa iliyobaki na maji ndani nayo inakuibia asilimia ulizozihangaikia.

Usitumie chupa za maji ya kunywa wala soda. Mtu akikuta kimiminika kisicho na rangi kwenye chupa ya maji atakinywa, na lebo ya karatasi haitamzuia gizani.

Lebo iseme: kitakasa mikono, viungo na asilimia zake, tarehe, namba ya toleo, cha kupaka tu, usiguse macho, mbali na watoto, kinawaka moto. Kwenye daftari andika namba ya toleo, namba ya pipa la ethanoli, usomaji wa kipima na joto lake, na chupa zimekwenda wapi. Chupa mbili za kila toleo zibaki kabatini. Ukitaka kuuza, hayo hayatoshi: nenda kwenye shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, upate alama ya ubora kwanza.

Jeli tunaipita haraka. Inatengenezwa kwa kuongeza kinata kama kabomeri, na inahitaji kusawazishwa uchachu ili igande. Uzito wake hauna uhusiano wowote na nguvu yake. Jeli nzito ya asilimia 45 ni nzito tu. Kwa kituo cha afya kimiminika ni rahisi kupima, kinakauka upesi na hakizibi pampu.

Matumizi

Mimina kiganjani kiasi cha kujaza shimo lake, kama mililita 3. Sugua kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono na vidole vikipishana, kati ya vidole, migongo ya vidole, dole gumba likizungushwa, kisha ncha za vidole kwenye kiganja. Dole gumba na ncha za vidole ndizo husahaulika zaidi, na ndizo zinazogusa kila kitu. Mikono ibaki na unyevu sekunde 20 hadi 30. Ikikauka kwenye sekunde ya 10, ulimimina kidogo. Usiipanguse kwa kitambaa.

Mkono uliotoka kunawa sasa hivi na bado una maji hupunguza nguvu ya alkoholi, na ngozi huwasha. Ukishanawa kwa sabuni huna haja ya kupaka kitakasa juu yake.

Kwa Waislamu wanaojiuliza kuhusu alkoholi mwilini: Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililokutana Makka Januari 2002, lilikubali alkoholi kutumika nje ya mwili kusafisha vidonda na kuua vijidudu. Hospitali za Saudi Arabia hutumia vitakasa hivi.

Moto

Ajali ya kawaida ni mtu kupaka kitakasa kisha kuwasha jiko, mshumaa au sigara mikono ikiwa bado mibichi. Mwali wake mchana hauonekani vizuri, hivyo anahisi maumivu kabla hajaona moto. Subiri mikono ikauke kabisa. Usijaze chupa karibu na moto, wala usimwage kitakasa kwenye mkaa kuuchochea. Mwali hupanda kwenye mkondo wa kimiminika hadi chupani na chupa humlipukia aliyeishika.

Chupa iliyoachwa kwenye gari juani haijiwashi yenyewe, kwani ethanoli huhitaji zaidi ya nyuzi 350 kuwaka bila cheche. Inachofanya ni kuvimba, kuvuja kizibo na kupoteza alkoholi. Moto unakuja pale mtu anapowasha kiberiti ndani ya gari lililojaa mvuke.

Kikimwagika, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, mwagia maji mengi kisha pangusa. Moto mdogo ndani ya chombo ufunike kwa mfuniko au blanketi lililoloweshwa. Kikombe cha maji kwenye chombo kinachowaka hurusha kimiminika na kusambaza moto. Tumia kizimamoto cha unga au cha gesi ya kaboni. Mtu akishika moto, alale chini, avingirishwe kwenye blanketi, kisha sehemu zilizoungua zimwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta visipakwe.

Macho, tumbo na mtoto

Pampu zinazokaa ukutani kwa urefu wa kiuno cha mtu mzima ziko sawa na uso wa mtoto. Ufaransa iliona mwaka 2020 sehemu ya ajali za macho ya watoto zitokanazo na kitakasa ikiongezeka karibu mara saba. Kikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kisha nenda kwa daktari wa macho.

Kijiko kimoja cha mezani, mililita 15, kina takriban gramu 9.5 za ethanoli. Kwa mtoto wa kilo 12 hicho kinatosha kumlewesha vibaya. Kwa watoto hatari ya ziada ni sukari ya damu kushuka: mtoto analegea, anasinzia, anaweza kupata degedege. Usimtapishe. Akiwa macho na anameza vizuri mpe kitu chenye sukari, na mpeleke hospitali na chupa yenyewe, kwa sababu daktari anahitaji kusoma lebo. Akiwa amezimia, mlaze ubavu na usimpe chochote mdomoni. Kulamba mikono iliyokwisha kukauka hakuna neno.

Aliyekunywa kitakasa chenye methanoli anaweza kuonekana amelewa kidogo tu, kisha nafuu. Dalili kali huja baadaye, mara nyingi kati ya saa 12 na 24: kichwa kuuma, tumbo kukata, kuhema haraka, kuona ukungu au weupe kama theluji mbele ya macho. Ikiwa methanoli ilichanganyika na ethanoli dalili huchelewa zaidi, kwa kuwa ini hushughulikia ethanoli kwanza. Uchelewaji huo ndio ambao madaktari huutumia kutibu, kwa dawa iitwayo fomepizoli au ethanoli iliyopimwa, pamoja na kusafisha damu kwa mashine. Jambo hilo halifanyiki nyumbani kwa kumnywesha mgonjwa pombe. Anayelalamika macho baada ya kunywa kitu kisichojulikana apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama anatembea na kuzungumza, na toleo lote lenye namba ile lirudishwe kutoka kila mahali daftari linapoonyesha lilikwenda.